Sentimita moja Nanjing: sisi tunafundisha watoto kuruka, wenzetu wanafundisha kukimbilia kibao

mchanga_wa_nzoia (mleta uzi)

Mulembe wadau. Hii uzi ni ya watu wanapenda riadha kwa ukweli, si ile ya kungoja marathoni na steepo (zile mbio za kuruka vizuizi na maji) tu halafu tunazima TV. Mi ni mtu wa Bungoma, kazi ikanileta Kisumu, na shule ya upili nilikuwa naruka mbali, kwa hivyo hii mambo naiongea nikiwa na uchungu nayo.

Jana usiku nimerudia fainali ya wanaume ya kuruka mbali kwa Mashindano ya Dunia ya Ndani, ile ya Nanjing kule China, Machi 2025. Hebu soma matokeo polepole. Mattia Furlani wa Italia 8.30. Wayne Pinnock wa Jamaika 8.29. Liam Adcock wa Uingereza 8.28. Dhahabu, fedha, shaba, na kati yao ni sentimita moja, kisha sentimita moja. Angalia upana wa ukucha wa kidole chako kidogo, hiyo ndo ilikaa kati ya bingwa wa dunia na namba mbili, na huyu mtu amekimbia mita arobaini na kitu kwa spidi yote mwili wake uko nayo, akakanyaga kibao cha kurukia cha upana wa sentimita 20 (ukipita ukingo wake ni faulo, mruko hauhesabiwi), akaruka zaidi ya mita nane. Mita 8.30 kwa wale hawaioni kichwani: paki matatu ya abiria 14, nyuma yake weka nusu ya nyingine, huyu kijana anapita zote na anabaki na nafasi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Glasgow 2024, ilikuwa kali hata kuliko hiyo. Tentoglou wa Ugiriki 8.22, Furlani huyo huyo 8.22, Carey McLeod wa Jamaika 8.21. Wawili wamelingana kabisa ikabidi waangalie mruko wa pili kwa ubora wa kila mmoja, Mgiriki akachukua dhahabu. Furlani alikuwa na miaka 19 tu. Akaenda nyumbani na fedha, akarudi Nanjing akachukua yake, halafu Septemba 2025 akaongeza ya nje kule Tokyo na 8.39.

Swali langu ni hili, na nataka majibu ya ukweli: nchi iko na shimo la mchanga karibu kila shule, kwa nini hatujawahi kuona Mkenya kwa jukwaa la hii mchezo kwa mashindano ya ndani ya dunia? Mi niko na jibu langu lakini wacha nisikie nyinyi kwanza.

nakuru_58

Uzi tamu. Lakini mkubwa nieleze kitu, hii ya ndani ina maana gani kuliko ya nje? Mi nilidhani ni ile ile tu sema kuna paa. Na tena huku kwetu Nakuru tuko juu karibu mita 1,850, hewa ni nyepesi, si mrukaji akija hapa anaenda mbali kuliko huko chini kwenu ziwani?

mchanga_wa_nzoia

@nakuru_58 umegusa mahali pazuri sana. Ndani hakuna upepo. Nje lazima kuwe na kile kifaa cha kupima upepo kando ya njia, na upepo wa kusukuma mgongo ukipita mita 2.0 kwa sekunde ule mruko hauingii kwa rekodi hata kama umeruka mpaka mwisho wa mchanga. Ndani hiyo hesabu haiko, hakuna wa kusema nilisaidiwa wala nilizuiwa, ni wewe na miguu yako na kibao. Ndo maana mi naipenda kuliko ya nje.

Halafu ile njia ya kukimbilia mara nyingi ni mbao zimeinuliwa juu ya sakafu, ukiweka sauti unasikia miguu inagonga du-du-du-du inaongezeka mpaka ile ya mwisho inalia tofauti, kama mtu amepiga mlango. Rekodi ya ndani bado ni ya Mmarekani Carl Lewis, 8.79, New York, Januari 1984. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa na mpaka leo hakuna mtu ameigusa.

Ya hewa nyepesi ni kweli. Bob Beamon aliruka 8.90 Mexico City 1968 na ule mji uko juu zaidi ya mita 2,200. Kwa hivyo Nakuru, Eldoret, Iten, haya yote ni maeneo Mungu ameweka kama zawadi kwa mrukaji na sisi tunayatumia kwa mbio ndefu pekee.

mzee_wa_kanduyi

Vijana wangu, nimesoma nikafurahi. Wacha niwarudishe nyuma kidogo kwa sababu naona mnaanzia juzi. Kama mnataka kujua nani mwenye hii mchezo ya ndani, jina ni Iván Pedroso wa Cuba. Alichukua Toronto 1993, Barcelona 1995, Paris 1997, Maebashi kule Japani 1999, na Lisbon 2001. Tano mfululizo! Na ile ya 1999 ndo ilikuwa shughuli, kijana wa Uhispania Yago Lamela aliruka 8.56, mruko wa kushinda karibu mashindano yote ya ndani yaliyowahi kufanywa, na bado akabaki wa pili kwa sababu Pedroso aliweka 8.62.

Na Waafrika tusisahau. Ignisious Gaisah wa Ghana alishinda Moscow 2006 na 8.30. Khotso Mokoena wa Afrika Kusini akashinda Valencia 2008 na 8.08. Birmingham 2018 Luvo Manyonga alipata fedha na 8.44, Echevarría wa Cuba mbele yake 8.46, Marquis Dendy wa Marekani nyuma 8.42. Kwa hivyo mtu asiniambie hii kitu si ya Mwafrika.

mchanga_wa_nzoia

Mzee shikamoo, asante sana kwa hiyo. 8.08 inashinda Valencia, 8.56 inakosa Maebashi. Hiyo inanionyesha unashindana na wale wako hapo siku hiyo, si na kitabu cha rekodi.

kasi_ya_kapsabet

Mi nitasema ukweli hata kama watu hawatapenda. Sisi mwili wetu ni wa mbio ndefu. Miguu nyembamba, mapafu makubwa. Kuruka mbali kunataka misuli ya spidi, hiyo iko Jamaika na Marekani na Afrika Magharibi. Tusilazimishe. Nguvu tuweke penye tunashinda.

jakisumo_halisi

@kasi_ya_kapsabet omera hiyo hadithi ilikufa Septemba 2021 hapo Nairobi, Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Na kabla yake kulikuwa na Yego, mtu wa Nandi huko huko kwenu, alijifundisha kurusha mkuki kwa kuangalia video akawa bingwa wa dunia Beijing 2015 na 92.72. Mathew Sawe ameshinda Afrika kuruka juu. Hao wote mwili wao ulitoka wapi? Furlani mwenyewe hajajaa misuli, ni mwembamba, ukimvalisha jezi ya shule ya hapa Ahero hakuna mtu atamwangalia mara mbili.

Na Tentoglou alianza na ile michezo ya kuruka ukuta na ngazi mtaani huko Grevena, mji mdogo wa milimani Ugiriki. Sasa ako na dhahabu mbili za Olimpiki, Tokyo na Paris.

Lakini mleta uzi mi niko na swali la kupima. Hiyo 8.30 na 8.29 unajuaje ni sentimita nzima? Inaweza kuwa milimita?

mchanga_wa_nzoia

@jakisumo_halisi swali la mtu ameshika tepu hilo. Inaweza kabisa. Sheria inasema kipimo kinashushwa, hakipandishwi. Ukiruka mita 8 sentimita 29 na milimita 9, unaandikiwa 8.29. Milimita tisa zote zinabaki kwa mchanga.

Na wanapima kutoka alama ya karibu kabisa na kibao, yaani hata kama visigino vimetua mbali sana, makalio au mkono ukigusa nyuma ndo hapo wanashika. Ndo maana unaona hawa wakubwa wakitua wanakunja magoti halafu wanatupa mwili pembeni au mbele, hawaketi. Mi nimepoteza mirukio mingi kwa mkono wa kushoto, ulikuwa unashuka nyuma wenyewe kama mtu anatafuta kiti.

Sasa wacha nitoe jibu langu. @kasi_ya_kapsabet nakuheshimu lakini shida si mwili. Na shida si mchanga, mchanga wa mto Nzoia na wa mto Yala uko mpaka tunauza. Shida ni KIBAO.

Fikiria venye sisi tulifundishwa. Mwalimu anachora mstari wa majivu au chokaa kwa nyasi. Mtoto anakimbia tu kutoka popote, anaruka popote, na wale wadogo wanapimwa kutoka penye mguu ulikanyaga. Shimo lenyewe limechimbwa likaenda chini, mchanga uko futi moja chini ya penye unarukia, kwa hivyo unaanguka zaidi na unaonekana umeruka mbali. Sheria inataka mchanga ulingane na kibao, sawasawa. Mtoto anarudi nyumbani anasema niliruka sita na nusu, mwalimu anaandika sita na nusu, kila mtu anafurahi. Ile sita na nusu ni ya shimo.

Halafu anaenda mashindano makubwa. Yalinipata. Nilikuwa kidato cha tatu, nimeshinda kwetu, nikapelekwa mashindano ya mkoa, sitataja wapi na wala nani alikuwa anasimamia. Nikafika nikapata kibao cheupe kwa ardhi, cha kweli, mara ya kwanza maishani. Sikuwa na alama ya kuanzia. Sikujua hatua zangu ni ngapi. Nikauliza kama naweza kukimbia mara moja ya kujaribu nikaambiwa muda umeisha. Mruko wa kwanza faulo, nimepita kwa nusu ya kiatu. Wa pili faulo. Wa tatu nikaogopa nikaanza kukata hatua, nikachechemea hapo mwisho, na bado bendera nyekundu. Nilirudi Bungoma sina hata namba moja kwa karatasi, na nakumbuka kwa basi nilikuwa naangalia mguu wangu wa kulia kama si wangu.

Kwa hivyo nikiangalia Furlani anatembea kutoka kibao akihesabu, anaweka alama yake kando ya njia, anarudi anasogeza kidogo, najua naangalia kitu gani. Kazi yote iko hapo. Hatua karibu ishirini, na ya mwisho lazima iangukie ndani ya sentimita 20 bila yeye kuangalia chini. Hatua ya pili kutoka mwisho inakuwa ndefu, mwili unashuka kidogo, ile ya mwisho fupi na ya haraka, halafu mguu unapiga. Ukiangalia chini kichwa kinainama na spidi inaisha. Hiyo haifundishwi kwa siku moja ya michezo.

dada_wa_kondele

Nimesoma hii ya basi nikanyamaza kwanza. Pole ndugu yangu.

Mi sikuruka, mi nilikuwa upande wa kuandika, nimesaidia mashindano ya shule miaka kadhaa. Niwaambie kitu watu hawaoni: mchanga mkavu ni adui. Ukiwa mkavu alama inajifunika yenyewe, mtu ametua hapa wewe unaona shimo la nusu mita, sasa utachomeka msumari wapi? Tulikuwa tunamwagia maji asubuhi na mapema, ndoo kwa ndoo, na kuuchambua mawe na vijiti na siku moja tulitoa kipande cha chupa, nilitetemeka. Na tepu ikilegea katikati, sentimita mbili zinaingia hivi hivi, nimeona mtoto wa kike akinyimwa nafasi kwa hiyo na nikaongea nikaambiwa nisicheleweshe programu. Mpaka leo inaniuma. Nikisikia dunia inaamua kwa sentimita moja, nafikiria wale watoto wetu tumewapima vipi.

nakuru_58

Sasa mleta uzi, kama kibao ndo shida, si nilisikia wakubwa wa riadha walitaka kukiondoa? Wanaweka eneo tu, ukanyage popote ndani yake, wanapima kutoka penye uliruka. Hiyo si ndo ingesaidia watoto wetu? Kijana wa Bungoma angepata namba yake.

mchanga_wa_nzoia

@nakuru_58 ndio, 2024 World Athletics walisema wanaijaribu, sababu walisema karibu mruko mmoja kwa kila tatu kwa Mashindano ya Dunia ya Budapest 2023 ulikuwa faulo. Carl Lewis alipinga waziwazi, akasema kukanyaga kibao ndo ufundi mgumu kuliko yote kwa hii mchezo. Tentoglou naye akasema wakileta hiyo yeye atahamia miruko mitatu.

Na mimi, pamoja na yote yalinipata, niko upande wao. Ukiondoa kibao utakuwa umempima mtu nguvu peke yake. Mi sikutaka kibao kiondolewe, mi nilitaka nikutane nacho nikiwa na miaka kumi na mbili.

kasi_ya_kapsabet

Hapo sikubaliani. Mchezo ni wa watazamaji pia. Nani anataka kukaa kuona bendera nyekundu saa nzima? Wangepima kila mruko. Lakini ya mwili nimesikia, ya Yego imenimaliza, nakubali hiyo moja.

mzee_wa_kanduyi

Nyekundu nayo ni sehemu ya utamu kijana. Bila nyekundu ile nyeupe haina kelele. Hata sheria yenyewe imekuwa ngumu zaidi si rahisi: zamani ile plastisini (udongo laini wa kuonyesha alama ya mguu) mbele ya kibao ilikuwa imelala kwa pembe, sasa tangu mwisho wa 2021 imesimama wima, na kamera ziko. Zamani ncha ya kiatu ingeweza kuning'inia juu ya mstari bila kugusa ukapona. Siku hizi ukipita, umepita.

jakisumo_halisi

Sasa tufanye nini? Maana tukimaliza kuongea hapa kila mtu atarudi kwa mpira.

mchanga_wa_nzoia

Mi tayari nimeanza, sikutaka kusema kabla iko tayari. Kuna shule ya msingi huku karibu na Mamboleo, mwalimu wa michezo amenikubalia Jumamosi asubuhi. Nimeenda kwa fundi Kibuye nikampa kipimo cha kweli: urefu mita 1.22, upana sentimita 20, unene sentimita 10. Aliniuliza ni cha kitanda gani hiki. Nikamweleza akaacha kazi yake akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia mbao laini itapasuka kwa wiki moja, nitafute mvule. Tukapata kipande kilichobaki kwa mlango wa mtu.

Plastisini ni bei, na hatuihitaji. Nimechukua udongo wa mfinyanzi, ule mweusi wa kunata, nikaupaka kwa ubao mwembamba mbele ya kibao. Ukikanyaga vidole vinachora kabisa, mtoto anajionea mwenyewe amepita kiasi gani, hakuna kubishana na mtu wa bendera.

mchanga_wa_nzoia

Narudi na ripoti, leo Jumamosi jioni.

Tulitoa mchanga wote kwanza, tukajaza udongo chini, tukarudisha mchanga juu mpaka ukalingana na kibao. Ile kazi peke yake ilichukua saa mbili na wazazi wawili walikuja na majembe bila kuitwa. Dada wa Kondele, tulimwagia maji venye ulisema, alama zilikaa kama zimekatwa na kisu.

Watoto 11. Kila mmoja tulimfanya akimbie KUTOKA kwa kibao kwenda nyuma, hatua 12 tu kwa sababu ni wadogo, tunaangalia mguu wa mwisho umeangukia wapi, hapo ndo anaweka alama yake. Wengine waliweka kandambili, mmoja akaweka gunzi la mahindi. Raundi ya kwanza faulo nane. Nilikuwa nimewaambia hakuna kurudi nyumbani na aibu, faulo ni habari, soma udongo inakuambia usogeze alama kiasi gani.

Kuna kijana mmoja wa gredi ya nane, mwembamba, hajaongea tangu asubuhi. Faulo ya kwanza vidole vyote vitano ndani ya udongo. Akachuchumaa akapima kwa kiganja chake, akarudi mpaka kwa gunzi lake akalisogeza nyuma kiganja kimoja, hakuna mtu alimwambia. Faulo ya pili, ncha ya kidole gumba tu. Akasogeza tena vidole viwili. Ya tatu alikuja akiangalia mbele, hakuangalia chini hata kidogo, na tukasikia kile kibao kinalia, tok, wote tukageuka. Udongo safi. Tulipima mita 4.87 na tepu ilikuwa imekazwa watu wawili wanaivuta.

Kwa shimo la zamani walisema alikuwa anaruka tano na nusu. Nilimweleza kwa nini namba imeshuka nikifikiri atavunjika moyo. Akaniuliza kama Jumamosi ijayo kibao kitakuwa bado hapo.

Sasa tepu yetu ni ya fundi nguo, tumeunganisha kadhaa na hiyo si sawa. Kama kuna mtu ako na ya mita 20 kwenda juu, naomba.

dada_wa_kondele

Ninayo ya mita 50, ya chuma, haivutiki. Nishuke steji gani?

mchanga_wa_nzoia

Shuka Mamboleo penye barabara zinagawana, nitakuwa hapo saa mbili na nusu asubuhi. Njoo na viatu vya matope dada, tunamwagia maji kabla hawajafika.